Ndama wa kloni apasuliwe au aachwe?

Ndama wa kloni, yaani aliyetengenezwa maabara awe nakala ya mnyama mwingine, mara nyingi anazaliwa na kitovu kinene kuliko kawaida, mishipa yake ni mipana na haijifungi vizuri yenyewe, ukimwacha hivyo hivyo anaweza kuvuja damu mpaka afe, ndo maana madaktari wa mifugo wanaibana palepale anapotolewa na wakati mwingine wanakiondoa kitovu kabisa wanashona. Wengine wanakuja na miguu ya mbele imejikunja, kano zimekaza, hao wakifungwa gango mapema wengi wananyooka, zikigoma zinakatwa ili asimame anyonye.

Wapo wanaosema mnyama mmemharibu maabara halafu tena mnamtia kisu, ya nini? Siungani nao. Ndama akishazaliwa kazaliwa, ana maumivu, na kitovu kinatibika. Tena ng'ombe wa kawaida mwenye kilema cha kurithi ukimtibu ukamzalisha unasambaza kilema, ila kwa kloni shida nyingi zinatokana na jeni kuwashwa na kuzimwa vibaya tangu kwenye kiinitete, jeni zenyewe ziko sawa, kwa hiyo watoto wake kwa kawaida wanazaliwa wazima. Kwangu hii ndo hoja nzito kuliko zote. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo pale Nairobi, walimpata Tumaini, dume la kloni la aina ya Boran, mwaka 2012 kwenye utafiti wa ng'ombe wanaohimili nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, sasa mnyama wa kazi kama hiyo umwache afe kwa sababu ya kitovu kweli?

Lakini kisu hakifiki kila mahali. Ndama kazaliwa mkubwa kupita kiasi, mapafu hayajakomaa, hapo nusukaputi yenyewe inaweza kummaliza. Na kondo la nyuma likikua vibaya hakuna wa kulishona, ng'ombe aliyebeba anajaa maji tumboni, mimba inatoka, saa nyingine na yeye anakufa. AgResearch, taasisi ya utafiti wa kilimo ya New Zealand, waliacha kutengeneza kloni 2011 baada ya miaka kama 13 kwa sababu ya vifo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilisema 2008 nyama na maziwa ya ng'ombe wa kloni ni salama, sawa, ila hilo ni swali la mlaji, ndama hajaulizwa.

Kinachoniuma ni hesabu. Ukiambiwa "wamepona kadhaa" hujui nani kazaliwa mzima na nani kashonwa. Wanaouza kloni waseme wazi wangapi walipasuliwa, wangapi walifia mezani, na ng'ombe wangapi waliobeba mimba walikufa.