Nyota tatu za Mzee

Kuna kipindi nilikuwa London, mitaa ya Golders Green, natunza mzee mmoja Myahudi, miaka 80 na kitu. Ijumaa moja ya mwezi wa 6 karudi sinagogi kashaswali swala ya usiku, Maariv wanaiita, na nje jua lawaka kama saa kumi ya Mombasa. Nikamwambia Mzee, mie Muislamu, kwetu ukiswali Isha huku jua lakuona hiyo utarudia. Akacheka, akasema hata kwao nusu yake hurudiwa: ikibaki saa moja na robo kabla jua kuzama ruhusa kuswali (na saa zenyewe ni mchana umekatwa mafungu 12, kwa hiyo kiangazi saa yao moja yafika dakika 83 hivi), ila ile Shema, aya zao za kukiri Mungu ni mmoja, ni vizuri uisome tena nyota tatu zikitoka. Sasa jua huko lazama saa tatu na dakika 20 usiku! Na macho ya Mzee hayafiki mbali, basi ulinzi wa nyota nikapewa mie.

Nikatoa viti uani. Saa tatu na nusu, hola. Saa nne kasoro naona moja, mbili, tatu, zimejipanga mstari utadhani zimeambiwa. Nikapiga ukelele, "Mzee, tatu hizo!" Akasimama na mkongojo wake, akafunika macho kwa mkono wa kulia, akaanza. Mie bado natazama juu na fahari zangu, mara ile ya mbele yashuka. Halafu yapepesa taa nyekundu. Wallahi tumbo lilinikata, kumbe ndege za uwanja wa Heathrow ziko foleni! "Mzee, ngoja kwanza," akaninyooshea kidole ninyamaze, maana Shema haikatizwi ovyo, akaisoma yote mafungu matatu, pole pole, neno kwa neno, nami nimesimama pale kama mwizi wa kuku.

Nikakiri. Hakusema kitu. Nikaingia jikoni kumchukulia maji, kwenye friji nainua orodha yangu ya maziwa na viazi, chini yake karatasi ya sinagogi yenye saa zote, usiku waingia saa nne na nusu kasoro kidogo, nimeifunika mwenyewe tangu Jumatatu.

Tukangoja. Ilipotoka moja ya kweli nikamwonyesha, kwa sauti ya chini safari hii. Mzee akainua kichwa, akatulia, akauliza, "Na hii inatua terminali ya ngapi?"