Siku Niliyomwambia Mzee wa Tarumbeta Atoe Jino

Mimi ni fundi mitambo. Mtaani hiyo maana yake natengeneza redio, na kuna mama mmoja jirani amekataa katakata kuelewa vinginevyo, kila baada ya miezi miwili ananiletea pasi. Nimeshachoka kubishana. Naitengeneza.

Lakini kazi yangu hasa ni kurekodi bendi. Sisemi ule mtindo wa kuletewa mdundo kwenye flashi, halafu msanii anaingia peke yake kwenye kijichumba anaimba kama anaungama dhambi. Nasema bendi nzima, wote chumba kimoja, wanapiga kwa pamoja toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Nilifundishwa na mzee mmoja aliyeipata kazi hii enzi za Redio Tanzania, kule Barabara ya Pugu. Zile nyimbo za NUTA Jazz na Morogoro Jazz zinazopigwa mpaka leo kwenye vipindi vya zilipendwa zilinaswa hivyohivyo, watu wamepanga mstari mbele ya maiki chache, jasho linawatoka, na aliyekosea dakika ya saba amewarudisha wenzake wote dakika ya kwanza. Mzee wangu alikuwa akisema muziki ni kama samaki, ukimleta vipande vipande mnunuzi atauliza amekufa lini.

Utamu wa kurekodi hivi ni kwamba wanamuziki wanatazamana. Mpiga gitaa la solo akitaka kuingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, anainua nyusi tu, mpiga tumba ameshaelewa. Ubaya wake ni kuvuja. Maiki ya mwimbaji inasikia dramu, maiki ya dramu inasikia saksafoni, ya saksafoni inasikia kila kitu. Ukifuta kosa kwenye maiki moja, linakuchekea kwenye nyingine kumi. Mtu akipiga chafya, amepiga chafya kwenye wimbo mzima, hakuna dawa.

Sasa, studio yenyewe ilikuwa Magomeni, nyumba ya uani, chumba kimoja kikubwa cha kupigia na kingine kidogo cha mitambo, katikati kioo. Kulikuwa na kiyoyozi cha dirishani, lakini kilikuwa kinanguruma kama daladala ya asubuhi, na hata hivyo kilikuwa kimeshaenda kwa fundi wake miezi miwili na hakijarudi. Tundu lake nililiziba mwenyewe: ubao wa plaiwudi kwa nje, godoro la futi mbili na nusu nimelikunja na kulishindilia kwa ndani ili likaze ubao, kisha nikashusha pazia zito la rangi ya damu ya mzee. Kazi safi. Mgeni akiingia hajui kama pale pamewahi kuwa na tundu.

Bendi ilikuja mchana wa Jumamosi, mwezi wa Februari. Aliyewahi kukaa Dar mwezi wa Februari kwenye chumba kisicho na upepo pamoja na wanaume kumi na mmoja, huyo sina la kumweleza. Walikuwa waimbaji watatu, mpiga solo, Kiongozi mwenyewe kwenye gitaa la rithimu, besi, dramu, tumba, saksafoni na tarumbeta mbili. Mimi nilichelewa kidogo kufungua kwa sababu nyumbani tulikuwa na mgeni, shemeji yangu kutoka Tanga, aliyeingia usiku. Tukapanga vyombo haraka haraka. Wapuliza tarumbeta nikawaweka nyuma kabisa, mgongo kwenye pazia, kwa sababu tarumbeta ukiisogeza karibu na mwimbaji utarekodi tarumbeta mbili na mdomo unaofunguka na kufumba.

Teki ya kwanza, yaani kuurekodi wimbo mara ya kwanza, mpiga besi alipotea njia. Ya pili mwimbaji aliruka beti. Ya tatu, jamani, ya tatu ilinyooka. Waliposhusha chemko mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama, nakata kiuno na kalamu sikioni. Wimbo ulipoisha hakuna aliyesema neno, ile kimya ya watu wanaojua wamefanya kitu.

Nikaurudisha mwanzo niusikilize. Kwenye beti ya kwanza, pale pa taratibu, mwimbaji anambembeleza huyo mwanamke wake, nikasikia: kling kling.

Nikarudisha. Kling kling, kling.

“Nani ana funguo mfukoni?” nikauliza.

Hapo ndipo upumbavu wangu ulipoanza rasmi. Nikaleta bakuli la plastiki, nikapita kwa kila mtu kama mkusanya sadaka. Funguo, saa, sarafu, mkanda wa mpiga solo wenye kichwa cha simba, pete mbili, na kifungulia soda ambacho mwenyewe alikikana. Na mimi nikatia sarafu zangu humo humo, nionekane mwadilifu. Tukapiga teki ya nne. Kling kling.

Nikawavua viatu. Mpiga saksafoni soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia kama mtu anayesubiri basi. Teki ya tano. Kling.

Kiongozi akasema, “Fundi, saa zinakwenda na sisi tunalipa kwa saa.”

Hapo nikaona niache kubahatisha, nitumie sayansi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita moja inachukua takriban milisekunde tatu. Kwenye kompyuta kila maiki ina mstari wake, kwa hiyo mlio ule ule unauona umefika kwenye maiki hii kabla ya ile. Nikaukuza mchoro. Kling ilifika kwanza kwenye maiki ya tarumbeta, milisekunde tano baadaye ikafika kwa saksafoni, ikamalizia kwa mwimbaji aliye mbali kuliko wote. Nikajisikia kama mpelelezi. Mkosaji yupo kwenye tarumbeta, hesabu hazina undugu.

Wapuliza tarumbeta walikuwa wawili. Kijana hakuwa na kitu, alikuwa amebaki na kaptula. Mwenzake alikuwa mzee wa heshima zake, nywele nyeupe, shati limepigwa pasi mpaka mikono inaweza kukata mkate. Huyu alikuwa akipuliza kabla mimi sijazaliwa. Nikamsogelea, nikainama kidogo.

“Mzee, shikamoo.”

“Marahaba. Si ulishaniamkia tulipofika?”

“Ndiyo mzee. Samahani sana. Ukiwa umekaa unasubiri zamu yako kupuliza... huna kitu unachokichezea? Labda mdomoni?”

Kimya. Yule kijana akatazama juu, kwenye taa. Mpiga tumba akaanza kukaza tumba ambayo haikuwa imelegea.

“Mdomoni,” mzee akarudia.

“Nimeona tu kama, yaani, pale mbele...”

Alikuwa na jino moja la bandia, la mbele, juu. Na kweli alikuwa na tabia ya kulisukuma kwa ulimi akiwa hana kazi. Nilikuwa nimemwona kupitia kioo, na hesabu ndiyo hiyo, imeshika pale pale. Mzee akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kaburi. Kisha akageuka ukutani, akalitoa, akalisuuza kwa maji ya chupa, akalidondosha kwenye bakuli langu, juu ya sarafu. Ti.

“Hathante,” akasema.

Nadhani alikusudia kusema ahsante, ila hakukusudia shukrani.

Asiyepuliza tarumbeta huenda hajui: meno ya mbele ndiyo yanayoshikilia midomo inapobanwa kwenye kipulizio. Mimi nilijua. Nilijua kabisa, ndiyo maana sina utetezi. Teki ya sita ilipofika kwenye kiitikio cha tarumbeta, ile ya kijana ilitoka sawa, na ile ya mzee ikatoa sauti ya puto linaloachiwa upepo, halafu mate, halafu kitu kama mbuzi anayeitwa kwa mbali. Bendi haikusimama. Walipiga mpaka mwisho wakiwa wameinamisha vichwa, mabega yanacheza. Mpiga dramu alikuwa analia machozi.

Na kwenye beti ya kwanza: kling kling, kling.

Nikasema basi, nirekodi kimya. Huwa tunafanya hivyo, watu wote wanatulia dakika moja na fundi anasikiliza chumba chenyewe. Kila mtu akavaa hedifoni, nikapandisha maiki ya tarumbeta mpaka juu, nikafunga macho.

Kling kling. Kling kling, kling. Halafu, wazi kabisa, kwenye masikio ya watu kumi na wawili:

“Tangawizi leo umeitupa kwa hasira.”

“Kunywa, dawa hiyo.”

“Hawa jamaa wimbo mmoja tangu saa nane. Hawaujui?”

“Wanaujua. Ile mara ya tatu waliupiga vizuri sana. Ila huyu tarumbeta wa sasa hivi, sijui wamempa mtoto?”

“Siyo mtoto. Mtoto angeona aibu akaacha.”

Mzee akavua hedifoni taratibu.

“Wathenzi,” akasema.

Akageuka, akashika lile pazia la rangi ya damu ya mzee kwa mikono miwili, akalivuta lote. Mwanga ukaingia. Mahali pa godoro palikuwa na tundu la mraba, kubwa, linapitisha upepo, jua na harufu ya kahawa. Na kwenye tundu, karibu sana, kichwa cha muuza kahawa chenye kofia ya vito, birika lake mkono mmoja, na mkono wa pili vikombe viwili vya kauri anavigonganisha bila hata kujua kama anavigonganisha, kama wafanyavyo wote, kuwajulisha watu kwamba yupo. Nyuma yake benchi, wateja wanne, na bao la kete. Ukuta wangu wa studio kwa nje ndio uliokuwa na kivuli kizuri kuliko wote mtaani, na wakati tundu limezibwa sikuwa nimepata sababu ya kulijua hilo.

“Karibuni kahawa,” akasema.

Watu wote wakanigeukia mimi.

Kiongozi akauliza, kwa upole wa kutisha, “Fundi, hapa si palikuwa na godoro?”

Nikakumbuka. Jana yake usiku shemeji ameingia, nyumbani hakuna pa kumlaza, mke wangu akaniangalia. Nikasema studio kuna godoro, asubuhi nitalirudisha. Asubuhi shemeji alikuwa bado amelala na safari ya Tanga siyo mchezo, nikaona nisimwamshe. Ubao wa plaiwudi ulikuwa umeegeshwa nyuma ya mlango, nimeuruka tangu nilipofungua nikipita na nyaya.

Walinilazimisha nipige simu na niweke sauti ya nje.

“Shemeji, umeamka?”

“Nimeamka, nipo nimejilaza. Godoro halina neno, shemeji, ila lina mkunjo katikati, nimelala kama chapati ya kukunjwa.”

Sikuendelea na mazungumzo.

Tulipomaliza kuchekwa, maana nilichekwa peke yangu na watu kumi na sita pamoja na wale wa benchi, tukarudi kwenye teki ya tatu. Niliwaambia nitajaribu kupunguza ule mlio, ingawa umevuja kila mahali. Tukausikiliza wote, muuza kahawa naye amechungulia tunduni, viwiko juu ya ukingo kama yuko dirishani kwake. Na ndipo tukasikia kitu ambacho mimi, kwa kuutafuta mlio kama mwizi, sikukisikia kabisa. Beti ya kwanza alikuwa anagonga ovyo. Beti ya pili akaanza kuufuata wimbo. Walipoingia kwenye chemko alikuwa ndani, vikombe vinaangukia pale pale mpiga tumba anapoacha nafasi, kling, ki-kling, hakosei hata mara moja, dakika tatu nzima.

Mpiga tumba akasema, “Mh.”

Kiongozi akasema, “Usiguse. Iache hivyo hivyo.”

Basi nikanunua kahawa kwa wote, ndiyo adabu niliyojipa. Vikombe kumi na viwili, kila kimoja shilingi 100, vikapitishwa tunduni kimoja kimoja. Mzee wa tarumbeta akachukua chake na kipande cha kashata, akawa anakitazama kile kipande kwa majonzi. Nikainua bakuli, nikachota sarafu zangu kiganja kizima, nikampa muuza kahawa.

Hakuondoka.

“Na ile ya wimboni?” akauliza.

“Ipi?”

“Niliyopiga. Hawa wenzangu wanalipwa kwa saa au kwa wimbo?”

Kiongozi alicheka mpaka akashika ukuta. “Mlipe, fundi. Kwenye fungu lako.”

Nikachota kiganja cha pili, nikamwekea mkononi bila kuhesabu. Yeye akahesabu. Anazisogeza moja moja kwa kidole gumba, midomo inacheza, mpaka akafika kwenye moja akasita. Akaigeuza. Akaiinua kwenye jua, akafumba jicho moja. Kisha akanyoosha mkono tunduni akanirudishia.

“Hii, fundi, hata Benki Kuu hawaipokei.”

Nyuma yangu nikasikia kikombe kinawekwa chini.

“Kijana,” akasema mzee. “Hilo langu.”