Kandambili kwenye theluji: ndaki ya bweni ndani ya chuo kikuu cha watu 50,000

Asubuhi ya Januari, Michigan, theluji imefunika viatu vya wapita njia, na kuna mwanafunzi anaingia darasani na kandambili. Si kwamba amechanganyikiwa. Analala Case Hall, darasa lake liko humohumo Case Hall, na akitaka kubishana na mhadhiri kuhusu alama za insha, ofisi nayo iko chini ya paa hilohilo. Hii ni James Madison College, ndaki (chuo kidogo ndani ya chuo kikuu) ya masuala ya umma ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, mjini East Lansing. Chuo kikuu chenyewe kina wanafunzi zaidi ya 50,000. Ndaki ina takriban elfu moja.

Ilianzishwa 1967, enzi ambazo vyuo vya umma vya Marekani vilifurika vijana hadi mwanafunzi akawa namba tu kwenye ukumbi wa mihadhara. Dawa iliyobuniwa pale ilikuwa kumega: ndani ya chuo kikubwa, tengeneza vyuo vidogo, kila kimoja na bweni lake. Justin Morrill ilitangulia 1965. Mwaka 1967 zikaja Lyman Briggs ya sayansi na hii ya Madison.

Wanaoisifu wana hoja nzito. Madarasa ni madogo, kwa hiyo mwanafunzi ambaye hakusoma hana pa kujificha. Mwaka wa kwanza wote wanapitia kozi ya pamoja yenye uandishi mwingi, na kazi inarudi imejaa kalamu nyekundu. Baadaye mtu anachagua moja ya shahada nne: uhusiano wa kimataifa, tamaduni na siasa linganishi, nadharia ya siasa na demokrasia ya kikatiba, au mahusiano ya jamii na sera. Mjadala wa saa nne asubuhi kuhusu Mahakama ya Juu ya Marekani unaendelea kwenye foleni ya chakula, kisha usiku kitandani, mwenzako akiwa kitanda cha pili na bado hajakubali kushindwa. Vyuo vidogo binafsi vya Marekani huuza maisha ya namna hii kwa bei ya kutisha. Hapa mkazi wa Michigan anayapata ndani ya chuo cha umma.

Upande wa pili, hoja iliyo kali kuliko zote inatoka kwa Madison mwenyewe. Rais huyu wa nne wa Marekani (aliyepigania uhuru wa raia huku akimiliki watumwa mpaka anakufa 1836) alichapisha insha kwenye gazeti la New York Novemba 1787 kuhusu hatari ya makundi. Alisema jamii ndogo ndiyo rahisi kutekwa na kundi moja: watu ni wachache, maslahi yanafanana, wengi wanaungana upesi na kuwakandamiza wachache. Tanua jamhuri, makundi yawe mengi, yazuiane yenyewe. Sasa chukua jina la mtu huyo, libandike kwenye bweni moja, halafu ujaze humo vijana wa miaka 18 ambao wote wanapenda siasa, wote walikuwa waongeaji sekondari, na wengi wanaitamani Washington. Kwa kipimo cha Madison, hiyo si jamhuri iliyotanuka.

Sisi tunaojua habari za shule za bweni tunaielewa hofu hiyo. Tanzania baada ya uhuru, bweni lilikuwa chombo cha kuchanganya: mtoto wa Kagera anapelekwa Mtwara, analala jirani na mtoto wa Tanga, wakitoka hapo wametaniana mpaka ukabila umepoa. Kuta zinaweza kuwa zilezile. Tofauti iko kwa anayepanga nani alale na nani. Pale Case Hall wanaokutana ni watu waliokwisha kuchaguana kwa kozi waliyoiomba.

Hata hivyo nadhani wakosoaji, na hata baadhi ya mashabiki, wanalipatia bweni uzito lisilokuwa nao. Ndaki zote tatu zilikuwa na vitanda, lakini Justin Morrill ilifungwa 1979. Kisha ikaja Agosti 2020, korona imepamba moto, chuo kikuu kikawaambia wanafunzi wa shahada ya kwanza wabaki makwao. Muhula mzima wa ndaki ya bweni ukaendeshwa bila bweni. Madarasa yalihamia kwenye skrini. Kilichopotea ni ile foleni ya chakula, na sidharau foleni ya chakula. Ila uti wa mgongo ulibaki, nao ni wahadhiri walioajiriwa na ndaki kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Madison haina wanafunzi wa uzamili. Profesa hawezi kuwaachia wasaidizi wa uzamili darasa la mwaka wa kwanza halafu akajifungia na utafiti wake.

Kwa hiyo mimi swali langu ni la pesa. Mhadhiri anayefundisha ishirini na wachache ni ghali kuliko anayefundisha mia tatu, na chuo hiki kilizaliwa 1855 kama chuo cha kilimo, cha watoto wa wakulima. Kwa nini huyu wa siasa asomewe insha yake mstari kwa mstari, na yule wa biashara aishie ukumbini safu ya nyuma? Jibu la kwamba ndaki inalea viongozi halinitoshi. Kila kitivo kinasema hivyo.

Kinachoipunguzia lawama ni kwamba ukuta wake una matundu. Baadhi ya shahada zake zinadai miaka miwili ya lugha ya kigeni, na lugha haifundishwi Case Hall. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazofundishwa pale chuoni. Mwana-Madison anayekichagua hana budi kuvua kandambili, avae viatu vya theluji, avuke kampasi, na akaketi na watu ambao Katiba ya Marekani haiwanyimi usingizi, wote wakihangaika na ngeli ya KI-VI.