Pia ya goti isibebeshwe lawama zote

Siku hizi hapa Lamu mtu akienda kupigwa picha ya goti, hurudi na hukumu: pia yako, kile kifupa cha mbele ya goti, ina umbo baya. Hapo hukata tamaa, maana mfupa haunyooshwi kwa vidonge wala kwa kuchuliwa mafuta. Mimi naona hukumu hiyo hutolewa upesi mno, na inawaumiza watu.

Ni kweli pia za watu hazifanani. Mwaka 1941 daktari wa Sweden, Gunnar Wiberg, alizigawa mafungu matatu. Kwa nyuma pia ina nyuso mbili zinazoteleza kwenye mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Fungu la kwanza nyuso hizo zinakaribia kulingana, la pili uso wa ndani, ulio upande wa mguu wa pili, ni mdogo kuliko wa nje, la tatu ule wa ndani umekuwa mdogo sana. Sasa, fungu la pili ndilo la watu wengi. Kumwambia mtu pia yake haikulingana ni kumwambia kwamba yuko kama jirani zake! Na wapo wenye pia ya fungu la tatu wanaoishi bila maumivu, na wenye pia nzuri kabisa wanaoteremka ngazi kwa kushika ukuta.

Ambaye pia yake huchomoka na kurudi, huyo ni mwingine. Pengine mfereji wake hauna kina, au pia imekaa juu mno. Huyo amwone daktari wa mifupa, na picha ni lazima.

Lakini namfahamu fundi wa majahazi wa Matondoni. Akikalafati huchuchumaa chini ya ubavu wa chombo, magoti yamekunjwa hadi mwisho, akishindilia pamba kati ya mbao, kisha anasogea hatua moja bila kuinuka. Kupanda ngazi huigandamiza pia kwa nguvu ya mara tatu hivi ya uzito wa mwili. Kuchuchumaa vile kunaweza kufika mara saba. Goti lilimuanza alipopata chombo cha kumaliza haraka baada ya miezi ya kukaa bila kazi. Umbo la pia yake halikubadilika katika wiki zile. Kilichobadilika ni mzigo, na paja lilikuwa limelegea.

Kwa watu kama yeye kinachosaidia zaidi ni mazoezi ya msuli wa mbele wa paja na ya nyonga, kwa wiki nyingi bila kukatiza, na kupunguza kazi kwa muda bila kuiacha. Akalie kigoda inapowezekana, mzigo aurudishe kidogo kidogo. Inanisikitisha kumwona kijana mwenye nguvu zake anaogopa hata kusujudu kwa sababu ya maneno ya karatasi.

Nawaomba wanaosoma picha hizo: kabla ya kutaja umbo, mwambieni mgonjwa achuchumae mbele yenu, mpime mapaja yote mawili, mumuulize anafanya kazi gani na wiki iliyopita aliifanya kwa kiasi gani.