Akili ni Nywele, Chuma Ana Kipara

Chuma, mhusika wetu wa gemu, ana nguvu 10, wepesi 10 na akili 2. Aliyemuumba hivyo ni mdogo wangu, tumbo moja na mimi, na hilo naliweka wazi mapema kwa sababu lawama zilipoanza kugawiwa nilishangaa kupewa fungu nono, wakati nilikuwa nimetoka tu kwenda kupokea simu.

Gemu yenyewe ni Fallout 2, ya mwaka 1998. Picha zake zimezeeka, lakini sijaona gemu nyingine inayomshughulikia mjinga kwa haki kama hii. Unapoumba mhusika unapewa sifa saba: nguvu, umakini, ustahimilivu, mvuto, akili, wepesi na bahati. Kila moja inaanzia 5, haishuki chini ya 1 wala haipandi juu ya 10, na unabaki na pointi 5 za kuongeza utakapo. Jumla 40. Ukitaka zaidi ya hapo, inabidi uinyang'anye sifa moja uipe nyingine. Niliporudi nilikuta unyang'anyi umeshakwisha: nguvu 10, umakini 4, ustahimilivu 8, mvuto 1, akili 2, wepesi 10, bahati 5.

"Mbona akili mbili?"

"Kaka, hii si gemu ya kupigana? Akili ya nini sasa? Wahenga wenyewe walisema akili nyingi huondoa maarifa."

"Wahenga haohao walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu umemzaa na kipara."

Alikuwa ameshabonyeza kitufe cha mwisho, na hapa hakuna kurudi nyuma. Zipo gemu zenye huruma: katika Elden Ring kuna mhusika anaitwa Rennala, unampelekea kitu kimoja kinachoitwa Larval Tear, anakufumua pointi zote uzipange upya. Fallout 2 haijui mambo hayo. Ulivyozaliwa ndivyo utakavyozunguka nchi nzima.

Kusema kweli, mwanzoni mtoto alikuwa sahihi, na hapo ndipo kiburi kilipoota mizizi. Ujuzi wa kupigana mikono mitupu unaanzia 30, kisha unaongezewa mara mbili ya jumla ya nguvu na wepesi. Kumi na kumi ni 20, mara mbili 40, pamoja na ile 30 unapata 70. Ukiuweka miongoni mwa ujuzi wako mkuu, ambao unaruhusiwa kuchagua mitatu, unapewa 20 juu yake. Chuma aliingia Temple of Trials, hekalu la majaribio la mwanzo wa gemu, akiwa na asilimia 90 ya ngumi mkononi. Sisimizi majitu walikufa, nge wakafa. Mwishoni kuna mlinzi anaitwa Cameron, unaweza kumpita kwa kumbembeleza, kwa kumwibia ufunguo au kwa kumpiga. Chuma hakuwa na haja ya kufikiria, na hata angekuwa nayo asingeweza.

Ujuzi mkuu wa pili ulikuwa bunduki ndogo. Tano ukijumlisha wepesi mara nne ni 45, na 20 ya upendeleo ni 65. Safi kabisa. Kwenye wa tatu nikavuta kiti nikae. Alikuwa amechagua maongezi.

Maongezi yanaanzia mvuto mara tano. Mvuto wa Chuma ni 1, kwa hiyo alianza na asilimia 5, akapewa 20, jumla 25.

"Nimemwekea ili imsaidie," mdogo wangu akaeleza kwa upole, "maana akili hana."

Sasa tatizo liko hivi. Mazungumzo ya gemu hii yanaiangalia akili kwanza. Ikiwa 3 au chini, mhusika anapelekwa kwenye njia yake ya peke yake, ya miguno na maneno mawili matatu yaliyovunjika. Asilimia za maongezi zinapimwa kwenye majibu ambayo mtu wa akili 2 haonyeshwi kabisa. Ungeweza kumpa maongezi 200, angeguna vilevile. Na ule mvuto 1 una kisa chake pia: idadi ya wenzako wa safari ni nusu ya mvuto, na nusu ya 1 kwa hesabu za gemu ni sifuri. Kwa hiyo hata wa kumsemea hakuwepo.

Tukafika mji wa Klamath. Nataka mwone kisanduku cha mazungumzo kilivyokuwa. Juu, mtu amekueleza jambo kwa aya nzima, amekuuliza umetoka wapi na unatafuta nini. Chini, mahali pa majibu, ipo miguno miwili. Mdogo wangu akaisogelea skrini, kidole kwenye mausi, akaisoma yote miwili kama anayesoma mkataba.

"Nichague upi?"

"Kwani una tofauti gani?"

"Huu una alama ya mshangao."

Akachagua wa mshangao. Yule mtu akakata maongezi akaendelea na shughuli zake, pengine na kazi aliyotaka kutupa. Hapo ndipo mjinga anapoibiwa mara mbili. Kazi nyingi za Fallout 2 zinapatikana kwa kuongea, na uzoefu unaopewa kwa kuzimaliza ndio unaokupandisha leveli. Halafu ukipanda, pointi za ujuzi unazopewa ni 5 jumlisha akili mara mbili. Mwenye akili 8 anapata 21 kila leveli, Chuma anapata 9. Mpaka leveli ya 12, ambayo inahitaji uzoefu 66,000, mtu amepanda mara 11: mwenzake ana pointi 231, Chuma ana 99. Pointi hizo hazilipwi nyuma. Ukiongeza akili ukubwani, gemu haikurudishii ulichokosa utotoni, na ndiyo maana mwenye kuitaka akili huinunua siku ya kuzaliwa.

Mdogo wangu alisikiliza hesabu yote hiyo akajibu kwamba pointi 9 zinamtosha, maana kwenye ujuzi mkuu kila pointi inazaa asilimia mbili. Asilimia 18 kwa leveli, angalau mpaka ujuzi ufike 100! Nilitafuta kosa sikuliona. Kwa mpiga ngumi mtupu, akili ndogo haiui vitani. Inaua kila mahali pengine.

Mahali pengine penyewe ni kwa mfano vitabu. Gemu ina vitabu vya kuongeza ujuzi, na saa za kusoma kimoja ni 11 ukitoa akili. Mwenye akili 10 anamaliza kwa saa moja. Chuma alikaa na kitabu cha bunduki saa 9, giza likaingia. Sayansi ni akili mara nne, kwa hiyo alikuwa na asilimia 8. Ukarabati ni akili mara tatu, asilimia 6. Udaktari ni 5 jumlisha umakini na akili, asilimia 11, na mtu wa asilimia 11 mkishaumia ni bora mlale tu mngoje kupona.

Kuna mtu mmoja tu Klamath aliyemwelewa. Anaitwa Torr, mchunga ng'ombe wenye vichwa viwili, na kwa mhusika yeyote wa kawaida Torr ndiye mwenye akili pungufu: anaongea kwa kukatakata na analalamika kuhusu wadudu-watu wanaomwibia mifugo. Ukimwendea ukiwa na akili chini ya 4, waandishi wa gemu wanakufungulia mlango wa siri. Torr anabadilika. Chuma naye anabadilika. Wanaanza kuzungumza kwa lugha iliyonyooka, sentensi ndefu zenye heshima, kama maprofesa wawili waliokutana kwenye mkutano. Mdogo wangu aliruka juu ya kiti.

"Kaka, kapona! Kapona!"

Hakuwa amepona. Mtu wa pili tu kuongea naye, mguno.

Tulipojua kwamba tatizo halitajitibu, mdogo wangu akaleta hoja ya dawa. Hapa lazima nieleze alikoitoa imani hiyo. Katika gemu ya Morrowind ya mwaka 2002, nguvu ya dawa unayochanganya inategemea, pamoja na ujuzi wako wa kuchanganya, akili yako. Ukichukua Ash Yam na Bloat unapata dawa ya kuongeza akili. Ukiinywa, dawa utakayoitengeneza baadaye inakuwa kali zaidi, unainywa hiyo, inayofuata inakuwa kali kuliko zote, na mnaendelea hivyo mpaka namba zinapoteza maana na chupa moja inamshinda bei kila mfanyabiashara nchini. Aliyelelewa na gemu ile anaamini ujinga ni upungufu wa vinywaji.

Fallout 2 ina dawa zinazoitwa Mentats. Zinaongeza akili 2, umakini 2 na mvuto 1. Akili 2 na 2 ni 4, na 4 ndipo njia ya mazungumzo ya kawaida inapofunguka. Kwenye karatasi ni hesabu nzuri mno. Ila Mentats zina muda. Zikiisha, akili hairudi ilipokuwa, inapita chini yake, inakaa huko kwa kitambo ndipo inapanda tena. Na zina uraibu, ambao nao unakukata sifa. Kanuni ni moja: unasevu, unafika mbele ya mtu unayetaka kuongea naye, unameza, unaongea papo hapo kila kitu unachokihitaji, kisha unatafuta pa kulala.

Nilimweleza hivyohivyo. Akaitikia "sawa kaka", akameza hapohapo tulipozinunulia, kisha akafungua ramani ya dunia akabonyeza Vault City.

Kwenye ramani ile kimsalaba kinatembea taratibu na tarehe kule pembeni inakimbia. Siku ya kwanza ikapita. Ya pili. Njiani tukavamiwa, Chuma akapiga watu kwa umahiri mkubwa. Mdogo wangu akawa anapanga maneno ya kumwambia ofisa, maana Vault City ni mji wa watu wenye kiburi, mgeni haingii ndani bila kibali. Tulipofika langoni dawa ilikuwa imeisha siku nyingi, akili imeporomoka hadi 1, ambayo ndiyo sakafu. Mazungumzo yalikwisha kabla hayajaanza. Halafu, kwa mazoea tu, akabonyeza F6, kile cha kusevu haraka. Nafasi za kusevu ziko 10, na zote tisa zilizobaki zilikuwa wazi, hajawahi kuzigusa, kwa hiyo hatukuwa na pa kurudi.

Nikamwonyesha mahali pointi zilipopotelea. Nguvu 10 ni fahari isiyo na kazi, kwa sababu gemuni lipo vazi la chuma la vita, Power Armor, linaloongeza nguvu 3. Anayejua anaanza na nguvu 7 akijua atafika 10 siku atakapolivaa. Pointi 3 zile zingeipeleka akili 5, Chuma aongee kama watu na apate pointi 15 kila leveli. Mpiganaji asiye na mpango wa sayansi mimi ningemwachia 4, asishuke hapo hata kwa dawa. Akili 6 ina faida yake kwa sababu inakufungulia zawadi ya Educated kuanzia leveli ya 6, pointi 2 zaidi kila leveli. Ile tabia ya Gifted inayoongeza 1 kwenye kila sifa ni tamu, lakini inakukata pointi 5 kila leveli na asilimia 10 kwenye kila ujuzi, kwa hiyo mjinga akiichukua anabaki mjinga maskini: akili 3, pointi 6.

Akanijibu kwamba Fallout 4 ina Idiot Savant, inayokuzidishia uzoefu kwa bahati, na bahati hiyo huongezeka kadiri akili inavyopungua. Ni kweli ipo. Nikamkumbusha Minsc wa Baldur's Gate II, jitu la miraba minne lenye akili 8. Humo kuna zimwi linaloitwa mind flayer, kila likikupata linakunyonya akili 5, ikiisha umekufa, kwa hiyo Minsc anadondoka kwa miguso miwili akiwa na uhai tele mwilini. Akanyamaza kidogo. Akasema Minsc angepiga kwanza.

Chuma tuliendelea naye, ngumi kwa ngumi, hadi leveli ya 12, ambako kuna zawadi ya Gain Intelligence: akili moja ya kudumu. Mdogo wangu alikuwa anaisubiri kwa hamu, hataki hata kuangalia zawadi nyingine. Akaichukua. Akili ikawa 3. Akakimbilia kwa mtu wa kwanza aliyemwona, kisanduku kikafunguka, miguno miwili ikamtazama. Ilikuwa imebaki moja tu kufika 4, na zawadi ile huchukuliwa mara moja.

Faida ikawa pointi: leveli ya 13 ilimpa 11 badala ya 9. Zote akaziweka kwenye maongezi, zikazaa asilimia 22.