Mwezi Uliandama Juu ya Jicho Langu

Mgeni akija kwetu San Antonio, Texas, mke wangu humsimulia habari hii hata kabla ya chai kuchemka. Leo naisimulia mwenyewe, angalau nipunguze chumvi.

Kazini kuna mzee mmoja wa Kimarekani, mwindaji tangu utotoni. Aliniahidi kunichukua kwenye msimu wa kulungu mwezi Novemba, akaniazima bunduki yake kuukuu ya risasi za .30-06 nijifunze kulenga mbali. Hiyo 06 ni mwaka 1906, jeshi lao lilipoipokea risasi hiyo. Yaani teke lake lilitengenezwa kwa ajili ya wanajeshi, si kwa ajili ya mtoto wa Tanga. Darubini haikuwa nayo. Mzee akaniagiza: "Tafuta ya kukuza mara 3 hadi 9, lenzi ya milimita 40. Dola 200 hivi zinatosha. Na uangalie umbali wa jicho."

Sasa mimi nimekulia kwenye kununua redio kwa kusoma wati zilizoandikwa ubavuni. Nikaiona ya dola 69: mara 6 hadi 24! Lenzi milimita 50! Ndani ina taa nyekundu na ya kijani, na kitambaa cha kufutia juu yake. Nikacheka peke yangu. Mara 24 kwa 69, na mzee analipa 200 kwa mara 9? Kumbe Wazungu nao huliwa.

Umbali wa jicho, yaani nafasi ya kuacha kati ya jicho na darubini, ulikuwepo, chini kabisa ya boksi, kwa herufi za ukubwa wa chawa: sentimita 8, na hupungua ukikuza zaidi. Nilidhani ni vipimo vya boksi.

Nikaifunga mwenyewe. Siku ya kwenda uwanjani mzee akaitazama, akauliza, "Umeifunga wewe?" Nikasema ndiyo, kwa fahari. Akanyamaza.

Tukaanza yadi 100. Kitufe cha kurekebishia kikilia tik moja, risasi inatakiwa ihame kama milimita 7. Nikazungusha tik nane, tundu halikuhama hata unywele. Nikaongeza mbili, likaruka kiganja kizima. Ilikuwa kama swichi ya feni ya nyumba ya kupanga: kimya, kimya, halafu upepo wa kung'oa paa.

Nikaona tatizo ni ukaribu. Twende yadi 300, na nikakuza hadi 24.

Jua la Agosti Texas halina mchezo. Kwa mara 24 sikuona shabaha, niliona mazigazi, na karatasi inaogelea ndani yake kama changu. Kila moyo wangu ukidunda, karatasi inaruka. Halafu giza likaanza kula picha kutoka pembeni. Nikasogeza uso kidogo. Picha ikarudi. Nikasogeza tena, hadi kope zikawa zinafagia kioo. Aah, sasa naona! Nikabana pumzi, nikafyatua.

Teke la begani nililitegemea. La usoni ndilo sikualikwa. Darubini ilirudi na bunduki yake, ukingo wa chuma ukanikaa juu ya nyusi, nikaona nyota mchana kweupe. Nilipogeuka huku damu inatiririka, mzee alishanyoosha mkono wenye plasta. Alikuwa ameishika tangu nilipokaa.

Shabaha yangu ilikuwa safi, unaweza kuandikia barua. Ila jirani wa kulia alipiga risasi 5 akahesabu matundu 6, akawa anajitazama kwa mashaka.

Nyumbani mke wangu akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye taa.

"Baba Salma, nani kakupiga?"

"Darubini."

Akalitazama jeraha: jembamba, limepinda. Hakusema neno. Akachukua simu, akampigia dada yake Tanga.

"Dada, huku Marekani mwezi umeandama. Nimeuona kwa macho yangu. Sisi kesho tunafunga."

Shemeji akajibu kwamba wao hawafuati mwezi wa kimataifa.