Mgonjwa Hachagui Stenti Akiwa Kitandani

Nikisikia mtu anasema ushindani wa makampuni hushusha bei, huwa nauliza: wanashindania kumpata nani? Kwenye vipandikizi vya mwili, kwa miaka mingi wameshindania daktari na hospitali. Mgonjwa kazi yake ni kulipa.

Angalia India. Kabla ya 2017 soko lake la stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachowekwa kutanua mshipa wa moyo ulioziba, lilikuwa na wauzaji tele, wa Marekani na wa humohumo nchini, lakini bei ilikuwa juu vilevile. Kila aliyeipitisha mkononi stenti, kuanzia kiwandani hadi chumba cha upasuaji, aliongeza chake, na hospitali ziliongeza sana. Nani angebisha? Mtu mwenye mshipa wa moyo ulioziba, mrija umeshapitishwa kwenye kifundo cha mkono kuelekea moyoni, hana nafasi ya kuuliza ya bei nafuu iko wapi. Februari 2017 serikali ikaweka ukomo: rupia 29,600 kwa stenti yenye dawa, 7,260 kwa ile ya chuma kitupu. Makampuni ya Abbott na Medtronic yakaomba kuondoa baadhi ya stenti zake sokoni.

China ilipita njia nyingine, na mimi naiona bora. Novemba 2020, mjini Tianjin, mahitaji ya hospitali za umma yaliunganishwa katika zabuni moja. Stenti iliyokuwa ikiuzwa wastani wa yuani 13,000 hivi ikashuka hadi 700 hivi. Medtronic ile ile ilikuwa miongoni mwa walioshinda. Kumbe iliwezekana!

Ila kwenye goti bandia bei peke yake haitoshi. Kila kampuni ina vifaa vyake: vielekezi vya msumeno, vipande vya kujaribia, trei moja juu ya nyingine. Daktari akishaizoea seti moja, kuhama ni kama kujifunza kazi upya, na wakala wa kampuni mara nyingi yumo humo chumbani akimwonyesha muuguzi trei inayofuata. Mazoea hayo yana nguvu kuliko tangazo lolote, na mimi simlaumu daktari anayeogopa kubadilisha chombo mgonjwa akiwa mezani.

Kinachoweza kuyapima mazoea hayo ni rejista ya taifa, inayoandika kila kipandikizi kilichowekwa na kama kilihitaji kurudiwa upasuaji. Rejista ya Australia ndiyo iliyoonyesha kwamba nyonga bandia aina ya ASR, iliyotengenezwa na kampuni ya DePuy, ilikuwa ikirudiwa upasuaji kupita kiasi. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni duniani kote, ikiwa imeshawekwa kwa watu wapatao 93,000.

Wakati wa upasuaji, muuguzi hubandua vibandiko kwenye boksi la kipandikizi na kuvibandika kwenye faili. Vina jina la kampuni, aina na namba ya toleo. Nataka kibandiko kimoja kiende kwenye rejista, na kingine apewe mgonjwa aende nacho nyumbani.